Kichwa cha Kaka, Mwili wa Shemeji

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakufupishia. Mimi ni kitindamimba wa watoto watatu, fundi wa kusafisha picha katika studio ya picha za pasipoti, na muongo. Hilo la tatu ndilo linalonileta hapa kila Jumamosi.

Miaka minne iliyopita baba alikuwa mahututi na mama alikuwa safarini, hajafika. Kaka akachukua simu yake akamrekodi baba, dakika tisa, baba akimwambia mama maneno yake ya mwisho. Mama alifika baba ameshafumba macho. Kaka akanipa memori kadi niinakili studio, ili mama asikilize kwa nafasi yake. Mimi nikaichanganya na kadi za kazini, nikaitia kwenye kamera, kamera ikauliza kama ifute vyote, nikabonyeza ndiyo. Nikampiga bibi harusi picha mia mbili juu ya sauti ya baba.

Nilipogundua, nilimwambia mama kwamba kaka ameileta kadi ikiwa tupu. Mimi ndiye fundi, nikaaminiwa. Mama akamwambia kaka asikanyage kwake. Kaka akaomba angalau amsimulie baba alisema nini, mama akamjibu, "Mume wangu sisimuliwi." Kaka akachukua mfuko wake akaondoka.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi ukoo ulivyokutana nyumbani kwa mama, mara ya kwanza tangu msiba. Moyo wa mama ulikuwa umelainika, akaniambia nimpigie kaka aje. Sikumpigia. Nikasema amekataa. Hapo ndipo nilipowaacha, na wasomaji kadhaa mmeniandikia matusi. Nimeyasoma yote. Yanastahili.

Sasa msikie yaliyofuata.

Jumanne mama alinipigia simu niko kazini, namwondolea mteja chunusi.

"Ile albamu umefikia wapi?"

Albamu hiyo nilijitwisha mwenyewe. Siku ya mkutano nilizunguka na kamera kutwa nzima ili nisikae na watu, maana nikikaa naulizwa habari za kaka. Mtu mwenye kamera haulizwi kitu, anaambiwa tu "nipige na mimi". Nikawaahidi kwamba nitawatengenezea albamu ya kidijitali, ya kufungua kwenye simu na kwenye televisheni, kurasa zenye picha, maneno chini yake, na kitufe cha kubonyeza usikie mtu anaongea. Niliskani hata kipande cha kitambaa cha meza ya mama kiwe mandhari ya kurasa. Nilitaka wasifie kazi wasahau maswali.

"Inaendelea vizuri, mama."

"Ifanye haraka. Jumatatu wananifungua jicho."

Jicho la kushoto la mama lilikufa zamani. La kulia linaona ukungu, kitu mpaka akilete puani. Daktari alikuwa amemwambia ukweli kuhusu upasuaji: wakilifungua huenda likaona, huenda likazima moja kwa moja.

"Kabla ya Jumatatu nataka nione watoto wangu watatu kwenye picha moja," mama akasema. "Nikizima, nizime nimeshaona."

"Mama, kaka hakuja."

"Najua hakuja. Si ulisema amekataa? Basi mwambie atume picha. Asimame wima, mwili mzima, nimwone kama amekonda. Wewe utamtia kati yetu. Yule mzee wa duka la viatu si mlimuunganisha na marehemu mkewe?"

"Tulimuunganisha."

"Basi mwanangu yu hai, ni rahisi zaidi."

Akakata simu. Mteja wangu kwenye skrini alikuwa amebaki na chunusi upande mmoja.

Nilishika simu kumpigia kaka mara nne siku hiyo. Mara ya kwanza niliandika namba nikafuta. Mara ya pili nikaenda chooni nayo. Mara ya tatu ikaita mara moja nikakata, nikakaa naitazama kama atapiga yeye, hakupiga. Mara ya nne niliiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo, halafu nikaanza kutafuta ufunguo.

Niseme ukweli nilichokiogopa. Kaka akijua mama anamtaka, hatatuma picha. Atakuja mwenyewe. Akija watakaa, wakikaa wataongea, na wakiongea dakika tano tu kuhusu ile kadi, mimi nimekwisha.

Jumatano asubuhi nikampigia mama. "Ametuma picha."

Nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu katuma?"

"Ametuma, mama."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo tangu msiba. Nikamsikia anamwita jirani yake dirishani, anamwambia mwanangu ametuma picha, ametuma mwenyewe, hakukataa. Nilishika ukingo wa meza. Ningeweza kumeza maneno yangu pale pale, nikasema nimekosea, ilikuwa ya mtu mwingine. Sikuyameza.

Basi ikabidi kaka apatikane.

Kichwa nilikuwa nacho. Miaka mitano iliyopita nilimpiga picha ya leseni, na katika kompyuta ya studio hakipotei kichwa cha mtu. Alikuwa amevaa suti ya studio, ile suti moja ya ndani ya kompyuta ambayo nusu ya mji huu imeshaivaa. Nikamvua suti. Nikampunguza mashavu kidogo kwa sababu ya miaka, nikamwongezea mvi tatu, nikaziondoa, nikazirudisha mbili.

Mwili ndio ulikuwa kazi. Kaka ni fundi wa kuchomelea, ana mabega. Nilipekua picha zote za siku ile nikakuta moja ya shemeji, mume wa dada, amesimama nyuma ya kiti akisubiri watu wajipange, mkono wa kushoto ameuweka juu ya kiti. Urefu ulikuwa ule ule. Tumbo lilizidi, nikalibana. Shati la kijani nikaligeuza kahawia. Nikamkata shemeji kichwa bila kumwomba ruhusa, nikamvisha cha kaka, nikamsimamisha nyuma ya mama.

Jumamosi mchana Mzee Flashi akaja nyuma yangu. Huyu ndiye mwenye studio. Amepiga picha watu kwa miaka mingi mpaka hata akikusalimia anakuinua kidevu.

"Huyu nani?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako anaelea. Wenzake wote wana vivuli, yeye ameshuka na parashuti?"

Nikamtengenezea kivuli.

"Shingo na uso havikuzaliwa siku moja."

Nikaipaka shingo rangi ya uso.

"Na huyu alivaa saa. Umefuta saa, umeacha alama yake."

Nikafuta alama. Mzee Flashi akavua miwani, akainama, akarudi nyuma hatua tatu, akaivaa tena.

"Sasa hapo hata mama yake mzazi hagundui."

Alisema kunisifu. Mimi mikono ilianza kunitoka jasho, nikaifuta kwenye suruali, ikatoka tena. Nikaimaliza albamu hivyo hivyo na kutuma linki kwenye grupu la familia, kisha nikazima simu mpaka kesho yake kama mtu aliyetupa jiwe kwenye bati la jirani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikusanyika sebuleni kwa mama. Tulikuwa watano tu. Mama kwenye kochi, kitambaa cha bluu kichwani, mfuko wa hospitali umeshafungwa uko mlangoni. Dada yangu mkubwa, mwalimu, ambaye hata akiomba chumvi unahisi umechelewa kipindi. Mumewe, yaani shemeji, fundi bomba, mtu mpole asiyejua kwamba ana kichwa cha mwenzake. Na shangazi, dada yake marehemu baba, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi na hakuna anayejua betri zake ziko wapi.

Mimi sikukaa. Nilisimama nyuma ya kochi, nikaenda dirishani, nikarudi.

"Keti basi, unanizungusha kichwa," dada akasema.

"Nakaa." Nikaenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Shemeji aliunganisha tableti na televisheni. Mama angeshika tableti aisogeze puani, na kila anachokitazama sisi tungekiona kikubwa ukutani. Wazo hilo lilikuwa langu. Shimo jingine mtu hujichimbia mwenyewe na bado anashukuru kuletewa koleo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa viatu. Siku ya mkutano nilivipiga picha vilipovuliwa mlangoni, jozi kumi na tisa zimepandana.

"Hivi nini?" mama akauliza.

"Viatu, mama. Vya wageni wako."

"Vyote hivi vilikuja kwangu?" Akavipapasa juu ya kioo kimoja kimoja. Alipendezwa sana.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa shangazi akicheka.

"Umeniacha na pengo," shangazi akasema. "Watu wa pasipoti unawasafisha, mimi shangazi yako unaniacha na pengo."

"Ni lako, shangazi."

"Najua ni langu. Nani amekwambia ulitangaze?"

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa sauti. Kila aliyekuja alikuwa amesema sentensi moja kwa mama, isipokuwa shangazi aliyesema dakika mbili na nusu. Mama alizibonyeza zote, ameinamisha sikio, anatikisa kichwa. Zilipokwisha akabaki na kidole hewani.

"Kaka yako hakutuma sauti?"

"Hakutuma, mama. Picha tu."

"Haya. Picha inatosha."

Nikajua alikuwa anawaza sauti nyingine, ile ambayo hakuisikia kabisa. Sote tulijua. Dada akakohoa. Mimi nikaenda tena dirishani.

Kisha ukaja ukurasa wenyewe. Ukoo mzima, mama katikati, watoto watatu wamemzunguka.

"Huyu hapa," dada akasema kwa upole ambao si kawaida yake. "Nyuma yako, mama. Ameweka mkono kwenye kiti chako, karibu na bega."

Mama akaisogeza tableti mpaka pua ikagusa kioo.

"Uso siuoni vizuri. Uso kwangu wote ni ukungu. Lakini amenenepa, au nakosea?"

"Amenenepa kidogo," nikasema.

"Mbona kasimama kama mimi?" shemeji akauliza, shingo ameipinda upande. "Mke wangu, tazama. Huyu si anasimama kama mimi?"

"Wanaume wote mnasimama hivyo baada ya kula," dada akamjibu.

Nikacheka kupita kiasi. Shangazi akanitazama.

"Nataka kuuona mkono," mama akasema. "Aliouweka begani kwangu."

Akatia vidole viwili kwenye kioo akaupanua. Ukutani mkono ukakua. Ukapita kichwa cha mama, ukapita kiti, ukajaa televisheni nzima, vidole vitano vimetandaa, kila kimoja kirefu kama mguu wa meza.

Mama akahesabu. Nilimwona midomo ikihesabu ncha za vidole.

Nami ndipo nikakumbuka.

Kaka hana ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Mlango uliikata akiwa na miaka tisa. Nimeshika mkono ule nikivushwa barabara miaka yote ya shule. Nikaukumbuka urefu wake, mabega yake, mvi zake ambazo sizijui, nikasahau kidole. Na katika watu wote duniani mimi ndiye nisiyetakiwa kukisahau, kwa sababu mlango ule niliusukuma mimi. Nilikuwa na miaka minne na hasira ya kunyimwa baiskeli. Kaka alimwambia mama ni upepo.

"Huu si mkono wa mwanangu," mama akasema.

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

"Mama," nikaanza, "hii programu siku hizi ina akili yake. Ikiona kitu kimepungua inakijaza. Watu wenye makovu inawafuta makovu. Kidole imekimalizia yenyewe, mimi hata sikuona."

"Programu imempa mwanangu kidole?"

"Ndiyo, mama."

"Ni kweli, mama," shemeji akasema, Mungu amlipe. "Kuna mwenzangu ana kengeza, simu yake inamnyoosha macho. Hizi mashine zinafanya mambo."

Mama akafikiri. Kisha akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Basi mwambie nataka ile ya kwanza aliyoituma. Kabla haijapewa kidole."

"Nitakuletea, mama. Kesho."

"Kesho huenda sioni."

"Basi leo jioni." Uongo ulikuwa unatoka wenyewe sasa, sikuwa hata nausukuma. Nilijisikia mwepesi, nikaketi kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikadhani nimevuka.

"Ya nini kusubiri jioni?" shangazi akasema, akijimiminia chai. "Si atatueleza mwenyewe. Jana nilimtumia linki."

"Ulimtumia nani?" dada akauliza.

"Kaka yenu. Kwani nani amekatazwa kuongea naye? Wifi yangu hapa alimkataza kukanyaga nyumbani kwake, hakunikataza mimi simu yangu. Huwa tunasalimiana kila mwisho wa mwezi."

Mama aligeuza uso polepole upande wa sauti ile. "Wifi. Miaka minne?"

"Hukuniuliza, wifi."

Nikasimama tena. Kabla sijajua nasimama niende wapi, dada alikuwa ameshachukua tableti mikononi mwa mama. Chini ya picha ya ukoo palikuwa na sehemu ya maoni. Mimi ndiye niliyeiweka, ili watu waandike sifa. Nilikuwa nimezima simu tangu jana, sikuwa nimeitazama.

"Kuna maoni ya mtu mmoja," dada akasema.

"Soma," mama akasema.

Dada akasoma kwa sauti ya darasani, maana hana nyingine.

"Nimejiona kwenye picha. Hilo tumbo si langu, na mkutano huo sikuambiwa. Lakini nimefurahi kumwona mama na kitambaa cha bluu. Nimeitazama mara nyingi."

Dada akafunga maoni, ule mkono ukarudi ukutani, na shemeji akashika tumbo lake. Akanitazama, akatazama televisheni, akanitazama tena, na kwa huruma yake akanyamaza.

"Sikuambiwa," mama akarudia. "Wewe uliniambia umempigia."

"Nilimpigia, mama. Labda alisahau."

"Mtu anasahau kuitwa na mama yake baada ya miaka minne?"

Nikatafuta kikombe, lakini chai yote niliyoimimina ilikuwa mbele za watu wengine.

"Wifi, mpigie," mama akasema. "Weka sauti nje."

Niliomba asipokee. Nilimwomba Mungu waziwazi kama mtoto, asipokee, simu iwe imezima, awe juu ya paa anachomelea geti la tajiri. Alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Shangazi, shikamoo."

"Mama yako yuko hapa," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza maishani akaishia hapo.

Tulisikia chuma kikianguka upande wa pili. Kisha sauti ya kaka, ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini saa hizi, wewe huli mchana ukiwa na kazi."

"Nitakula, mama."

Dada aligeukia ukutani. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kochi na kucha zimeingia kitambaani.

"Nakuuliza kitu," mama akasema. "Mdogo wako alikupigia simu kuhusu mkutano, hakukupigia?"

Nilijua kaka anajua niko pale. Nilijua hata amesimamaje.

"Alinipigia, mama," akasema. "Nilikuwa na kazi nyingi."

"Hapa umeandika hukuambiwa," dada akasema.

"Niliandika kwa hasira, dada."

"Na picha ulituma?" dada akauliza.

"Nilituma."

Hakuwa na sababu hata moja ya kunisitiri. Miaka minne amekula peke yake kwa ajili yangu, na bado alikuwa ananishikia mwamvuli.

"Mama," kaka akaendelea, na sauti ikabadilika, akawa anaongea haraka kama mtu anayebeba kitu cha moto. "Nimesikia kwa shangazi kwamba kesho unafunguliwa jicho. Sitaki uingie mle ndani tukiwa hivi. Ile kadi ya baba niliifuta mimi. Nilibonyeza vibaya nikiwa njiani, nikaogopa, nikampa mdogo wangu ikiwa tupu nikasema nzima. Nilikataa kwa kuona haya. Nisamehe, mama. Nataka kuja kukuona."

Shangazi aliweka kikombe chini bila kutoa sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nami niwaambie nilichohisi, maana niliahidi hapa sitaficha. Nilihisi nafuu. Ilinimwagikia mwili mzima. Nimepona, nilijisemea. Yeye amesema, yeye anasamehewa, yeye anarudi nyumbani, jambo limekwisha. Ndipo aibu ikaja juu ya nafuu, lakini nafuu ndiyo iliyotangulia, na hilo sitajisamehe.

"Umemaliza?" mama akaiuliza simu.

"Nimemaliza, mama."

"Kesho saa mbili asubuhi uwe hospitali. Njoo na shati safi."

"Nitakuja, mama." Alikuwa analia sasa, kwa utaratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Usikate simu kwanza."

Mama akanyoosha mkono nyuma ya kochi, juu ya bega lake, anatafuta hewani. Nilifikiri anataka maji.

"Njoo hapa," akaniambia.

Nikazunguka nikapiga magoti mbele yake. Akaushika mkono wangu. Akaupindua, akaupapasa kiganja, akapita kidole kimoja kimoja kama alivyovipapasa vile viatu.

"Una baridi," akasema. "Na umelowa."

"Ni chai, mama."

"Si chai." Aliongea taratibu, hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Siku kaka yako alipokatwa na mlango, alinijia uani damu inamchuruzika, akaniambia, mama, ni upepo. Nikamwambia haya, ni upepo. Nikamfunga kidole. Unajua nilikuwa nafanya nini uani?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikuwa naanika shuka. Shuka sita. Hata moja haikutikisika."

Kwenye simu kaka akasema, "Mama, mwachie."

Mama hakuniachia. Alinikaza zaidi, akalileta lile jicho lake moja karibu na uso wangu mpaka nikahisi pumzi zake.

"Kaka yako ameshasema yake," akaniambia. "Sasa nataka yako. Leo, kabla sijaingia kule ndani."

Dada aligeuka kutoka ukutani. Shemeji akatazama sakafu. Kwenye televisheni mkono wake ulikuwa bado umejaa kioo, vidole vitano vizima, na mimi nikavihesabu vyote, kisha nikafungua kinywa.